Vidonge vya Ijumaa

Machakos,
14 Agosti 1966

Mdogo wangu Munyao,

Salamu kwanza. Mimi ni mzima, miguu tu ndiyo inalalamika kwa kusimama wodini. Jumapili iliyopita nilipanda Mbooni kumwona Mwaitu. Hajambo. Yule ng'ombe wake mwekundu amekataa kukamuliwa na mtu mwingine yeyote, na mama yetu anaringa nalo hilo mbele ya majirani wote. Anauliza kama huko Garissa unakopelekwa kuna kanisa. Nimemwambia lipo. Kama halipo, tafadhali usiniumbue.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Pamoja na barua hii utapata chupa ya vidonge vya klorokwini, kinga ya malaria. Daktari wetu alinipa baada ya kumweleza kwamba mdogo wangu ni mwalimu, amehamishwa kutoka Kangundo, anakwenda kuishi kando ya mto Tana.

Najua utakavyosema. Utasema wewe ni Mwafrika, mbu umezaliwa nao, dawa hizi ni za Wazungu. Mbu gani umezaliwa nao, Munyao? Umekulia mlimani, umelala na blanketi mbili mpaka ndevu zikakuota. Damu yako haijui malaria. Ukishuka Tana utakuwa mgeni sawasawa na Mzungu aliyeteremka melini jana.

Kwa hiyo nisikilize. Utameza vidonge viwili mara moja kwa wiki, siku ileile kila wiki. Nimekuchagulia Jumapili ili usisahau. Umeze ukishakula, maana tumbo likiwa tupu utatapika kazi yote. Anza Jumapili hii ungali Kangundo, dawa itangulie damuni kabla ya mbu. Chupa iwe juu, mbali na mikono ya watoto, kwa sababu vidonge vichache tu vinaweza kumuua mtoto. Chandarua utaning'iniza hata ukimeza. Na homa ikikushika pamoja na haya yote, usianze kujitibu chumbani. Nenda hospitali wakudunge kidole, waangalie damu.

La mwisho ndilo ninaloliogopa. Ukirudi huku kwa likizo, usiache kumeza. Endelea wiki nne nzima. Unamkumbuka Elkanah. Kule kwenye mashamba ya mkonge kaka yetu alimeza dawa vizuri, akapanda gari la moshi kuja nyumbani, akazimwaga dirishani kwa furaha ya kurudi kwenye baridi. Wiki ya pili akaanza kutetemeka. Mwaitu akasema ni mafua, akamchemshia uji. Sisi wa mlimani tungejuaje? Tulimzika tukidhani ni mafua.

Sitazika mwingine, Munyao. Nakuambia wazi wazi ili usije ukasema hukujua.

Dada yako,
Mwikali


Garissa,
18 Septemba 1966

Mpendwa Dada Mwikali,

Nakusalimu sana, na Mwaitu, na huyo ng'ombe mwenye maringo. Mimi nimefika salama. Tulikuja kwa msafara, magari mbele na nyuma yana askari kwa hofu ya mashifta, wale waasi, na vumbi lilituingia mpaka kwenye meno. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu hapa barua zinasomwa kabla ya kutumwa, na anayesoma si wa kwetu. Ya Kikamba inaweza kulala mezani kwake mpaka mwaka ujao.

Kanisa lipo, dogo. Hujaumbuka.

Mahali hapa pana jambo la kuchekesha. Nikisalimiana na watu sokoni huniuliza, "Kenya hawajambo?" Mwanzoni nilidhani ni mzaha. Sio mzaha. Kwao ukishavuka daraja umetoka Kenya umekuja kwao, na mimi natazamwa kama mtu aliyevuka bahari. Kwa hiyo ulisema kweli, mimi ni mgeni hapa, tena wa ng'ambo.

Nyumba ya mwalimu niliyoahidiwa haina paa. Aliyeniokoa ni mwalimu mwenzangu anayeitwa Gelle, Msomali mzaliwa wa hapa, anafundisha darasa la pili. Ni mrefu, mpole, na hucheka mpaka anashika mbavu. Yeye na mkewe Muslimo wamenipa chumba bila kuniuliza kabila wala dini. Huniita walaal, yaani ndugu. Na siku hizi, kwa hali ilivyo baina ya watu wetu na watu wao, kumwita mtu hivyo mbele ya majirani si kitu kidogo.

Dawa nameza. Ni chungu ajabu, na baada yake ngozi huniwasha usiku kucha kama niliyelala juu ya upupu. Nimehamisha siku kutoka Jumapili kwenda Ijumaa, kwa sababu Ijumaa Gelle huchinja, tunakula wanaume wote sahani moja, na tumbo hushiba sawasawa. Mara ya kwanza nilipotoa vidonge mfukoni nikavitia mdomoni, wote waliacha kula wakanitazama. Gelle akacheka, akasema kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kisomali, "Walaal, kwetu mtu hawezi kula kitu beke yake mbele ya watu." Niliwaeleza kwamba ni dawa tu. Wakarudi kula kwa adabu.

Nitumie chupa nyingine ukipata nafasi. Hii imeanza kupungua.

Mdogo wako,
Munyao


Machakos,
9 Oktoba 1966

Munyao,

Hatujambo. Mwaitu amepata kikohozi kidogo na amekataa dawa yangu, anakunywa ya jirani. Ndiyo shukrani ya kusomesha binti uuguzi. Mvua bado. Binamu zako wanakusalimu.

Haya, niambie. Chupa niliyokupa ingekufikisha Krismasi na ikabaki. Wewe umeanza kuomba nyingine Septemba. Inapunguaje?

Nimewaza usiku na mchana. Labda unameza kila siku ukidhani zaidi ni bora. Kama ndivyo, acha leo hii. Dawa hii ukiizidisha inasimamisha moyo. Nimeona kwa macho yangu mtu aliyeletwa hapa amemeza konzi nzima kwa pupa, na hatukuwa na la kumfanyia. Au labda unaiuza. Hilo silitaki hata kuliwaza, lakini nimeliwaza.

Na hii Ijumaa! Mwaitu nimemsomea barua yako yote isipokuwa mstari huo, maana angepiga magoti mpaka asubuhi akidhani umesilimu. Siku yoyote inafaa, Ijumaa hata Jumanne, mradi ni ileile. Lakini nimesoma mara mbili habari za ile sahani, Munyao. Najua ulivyo. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukirudi kutoka shule mkono mtupu kwa sababu kiazi chako umekigawa njiani.

Kiazi ukikigawa kila mtu anapata kipande na kila kipande ni chakula. Dawa haiko hivyo. Ukigawa dawa ya mtu mmoja kwa watu wanne, hujawakinga wanne. Umewaacha wanne wazi, na wewe umo.

Natuma chupa hii nikiwa na hasira na nikiwa na hofu. Jibu upesi.

Mwikali


Garissa,
20 Novemba 1966

Mpendwa Dada,

Nisamehe kwa kukawia. Barua yako ilifika imefunguliwa na kubandikwa upya, tena imechelewa sana kwa sababu barabara haikuwa nzuri. Hiyo ndiyo namna tunavyosema hapa, barabara haikuwa nzuri. Nimefurahi kwamba Mwaitu ana nguvu za kukataa dawa.

Siuzi kitu. Wala simezi kila siku. Moyo wangu unapiga vizuri, usiuhofie.

Mvua imenyesha kwa fujo na mto umefurika. Mbu ni wengi mpaka wanafunzi wanaandika kwa mkono mmoja na kujipiga kwa mwingine. Nilimuuliza Gelle wazee wake walikuwa wakifanyaje misimu kama hii. Akaniambia, "Sisi dawa yetu ni miguu. Mfua ikija, tunaacha mto, tunakwenda mbali na mifugo, huko kukavu." Kumbe hawa nao homa ya mto hawaijui, Dada. Wanaikimbia kila mwaka toka enzi za babu zao. Damu zao ni kama yangu.

Mwaka huu hawakuhama. Kama unavyosikia redioni, watu wamekusanywa vijijini kwa usalama wao. Kijiji chao kiko kando ya mto, kimezungukwa na seng'enge, na mlango ni mmoja. Gelle na Muslimo wamo humo sasa, ingawa yeye ni mwalimu wa serikali kama mimi. Mimi nimepewa chumba upande huu, naingia asubuhi kufundisha na kutoka kabla ya kafyu. Mlangoni nakaguliwa mkoba. Shati langu, kama unavyojua, lina mfuko.

Nina swali, la kujua tu. Mwanamke mjamzito anaweza kumeza dawa hii?

Mdogo wako,
Munyao


Machakos,
4 Desemba 1966

Munyao,

Nimeruka salamu, Mwaitu atanisamehe.

"La kujua tu." Unadhani unamwandikia nani? Mimi nimekulea mgongoni. Huyo mjamzito ni Muslimo, mke wa Gelle. Kila Ijumaa unaingia na dawa mfukoni, na wewe unabaki na nini? Niambie kwa herufi kubwa, wewe mwenyewe unameza vingapi?

Nakujibu kwanza kama nesi. Ndiyo, mjamzito anaweza kumeza. Tena yeye ndiye anayeihitaji kuliko wewe na mimi, kwa maana malaria ikimpata mwenye mimba humpiga yeye na kilichomo ndani. Lakini ameze viwili kila wiki, ashibe kwanza, na kama ni mwezi wao wa kufunga basi ameze baada ya futari. Ukimpa nusu ya kidonge, Munyao, umempa uchungu mdomoni na hakuna kingine. Na homa ikishamshika, vya kila wiki havimtibu. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Sasa nakujibu kama dada. Nimekasirika sana. Nilikupa dawa ya kukurudisha nyumbani, wewe unaifanya sadaka. Je, ukianguka huko? Nani atamwambia Mwaitu? Ni mimi. Nitapanda kile kilima peke yangu nikamwambie mwanawe wa pili naye amekwenda, na safari hii dawa ilikuwepo, aliigawa kwa ukarimu. Unataka niyaseme hayo?

Uache. Umeze viwili vyako mbele ya yeyote, waone aibu wanaotaka kuona. Ukishindwa kula mbele yao, kale chooni.

Nakupenda, mjinga wewe.

Mwikali


Garissa, hospitalini,
28 Desemba 1966

Dada,

Mwandiko ni mbaya kwa sababu nimelala. Usishtuke. Yaani, ushtuke kidogo, kisha uendelee kusoma.

Homa ilinishika siku mbili kabla ya Krismasi. Nilidhani ni uchovu, nikafundisha. Mchana nikaanza kuwaita watoto kwa majina ya watu wa kwetu, na Gelle akaniambia nimemwita Elkanah. Alikwenda mlangoni kuomba ruhusa ya kunileta hapa. Aliambiwa asubiri. Alisimama juani amefunga, mwezi wa Ramadhani, akibishana kwa upole mpaka wakatoa Landrova. Yeye hakuruhusiwa kupanda.

Kuna nesi hapa wa kutoka Meru, anaitwa Gacheri. Alinidunga kidole, akaangalia damu, akasema wadudu ni wengi. Akaniuliza kama nilikuwa nikimeza kinga. Nikasema ndiyo. Akaniuliza vingapi. Nikageukia ukutani, akanitazama kwa macho kama yako.

Nitakuambia wewe. Mwanzoni, pale kwenye sahani, nilimpa kila mtu kimoja, ndiyo maana chupa ilipungua; toka mvua zianze nikajibana kwa viwili tu kila wiki. Kimoja changu. Kile kingine nilikikata vipande viwili, kimoja cha Muslimo, kimoja cha mama mzee wa Gelle. Wiki nyingine nilimeza nusu, wakiwa wengi. Sikuona nitafanyaje, Dada. Ningekaa nao, nitoe kinga mfukoni, nijikinge mimi mgeni ninayelala nje ya seng'enge, ndani ya chandarua, nikiwatazama wao wasiokuwa na pa kuhamia? Nilijua ulichoandika kuhusu kiazi. Niliamini kidogo ni bora kuliko hakuna. Niliamini kwa sababu nilitaka kuamini.

Gacheri anasema nitapona. Barua hii ataitia posta yeye.

Muslimo sijamwona toka niletwe hapa.

Munyao


Machakos,
8 Januari 1967

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu kutoka kwangu, kwa Mwaitu, kwa Daktari, na kwa nusu ya wagonjwa wa wodi yangu ambao walinisikia nikilia boharini. Mwaitu sijamwambia. Amekwisha kujua. Alinitazama tu akaniuliza, "Unamlilia Elkanah au ni mwingine?" Nikasema atapona. Akaenda kukamua.

Nilikuandikia mambo makali na sitayafuta, kwa sababu yalikuwa kweli. Lakini nimekaa nayo. Nilikuwa nakuwazia wewe peke yako kwenye mto ule, nikawasahau watu walio wengi pale. Kazi yangu hairuhusu hivyo.

Nilikwenda kwa Daktari nikamwambia ukweli wote. Akafungua kabati mwenyewe.

Kwa hiyo pokea kifurushi hiki. Ni cha mwalimu Munyao, ambaye nasikia ana tumbo kubwa sana siku hizi na anahitaji dawa nyingi. Atakayefungua na asome hivyo, na akisoma zaidi basi akumbuke kwamba dawa si risasi. Kila pakiti ina jina lake. Wewe, viwili. Mwalimu mwenzako, viwili. Mke wake, viwili. Bibi mzee, viwili. Hakuna kukata. Ziko za kila mmoja mpaka mvua za masika zipite. Ukiona mtu mwingine anataka, usimgawie hata punje, niandikie jina lake nami nitapigana huku. Watoto usiwape kabla sijakuandikia, kipimo chao ni kingine.

Na yeyote akipata homa, ni hospitali. Umwambie Gacheri namshukuru kwa macho yake.

Mwikali


Garissa,
29 Januari 1967

Mpendwa Dada Mwikali,

Nakusalimu wewe na Mwaitu. Mimi nimepata nguvu, nimerudi darasani. Barua hii haipiti posta. Gacheri anakwenda likizo, ataipitisha kwako kwa mkono wake, kwa hiyo nitasema yote.

Kifurushi kilifika Alhamisi. Muslimo tulikuwa tumemzika Jumatatu.

Homa ilimshika usiku, na usiku mlango wa seng'enge haufunguliwi. Gelle aliita mpaka sauti ikamkauka. Walipofungua asubuhi alimbeba mwenyewe. Gacheri anasema alipofika alikuwa hamjui mtu tena. Mtoto alikuwa ameshatangulia. Angekuwa wa kwanza wao.

Nilikaa na Gelle matangani siku zote. Sikuweza kula. Siku ya tatu nilimwambia. Nilisema, nilimpa mkeo dawa isiyotosha, dada yangu alinionya, nikaendelea kumpa nikamfanya ajione amekingwa. Nilitaka anipige. Wallahi, nimeanza kuapa kama wao, nilitaka anifukuze.

Gelle alikuwa akichora mchangani kwa kidole. Kisha akasema, "Hiyo dawa ilikuwa yako. Ukamgawia mke yangu." Basi. Akaendelea kuchora. Sijui mpaka leo kama ni msamaha au ni habari tu, na sitamuuliza.

Kifurushi kilipokuja nilikificha mwilini nikakipeleka ndani. Nilimwonyesha pakiti zote na majina yake. Alizisoma moja moja. Akafungua yangu kwanza, akatoa viwili, akanitilia maji kikombeni akanishikia. Nilimeza. Akaniambia nifungue mdomo aone. Nilifungua, Dada, mwanamume mzima mbele ya mwanamume mzima, na alitazama kweli, chini ya ulimi pia. Kisha akameza vyake, mama yake akameza vyake.

Ikabaki pakiti ya Muslimo. Aliishika muda mrefu. Mimi nilidhani anaaga. Nilikuwa nikiwaza niirudishe kwako. Akaniuliza, "Dada yako alisema mwenye mimba anaweza?" Nikasema ndiyo, viwili, akiwa ameshiba. Akasema safu ya nyuma yuko mwanamke anaitwa Saado, mimba yake ni ya miezi kama ileile.

Tulikwenda pamoja. Saado alikuwa ametoka kula. Alipoviona akavichukua, kimoja akakitia mdomoni, kile kingine akaanza kukifunga kwenye ncha ya shuka kwa ajili ya dada yake. Gelle akamshika mkono. Hakusema kwa ukali. Alimwambia kwa Kisomali, na mimi sasa Kisomali nakisikia kidogo, kwamba cha dada yake kitaombwa, na hiki ni chake.

Saado akakifungua. Gelle alisimama pale mpaka alipomaliza maji.

Jina la dada yake Saado ni Batula. Naye ni mjamzito. Pigana, Dada.

Mdogo wako,
Munyao